Marehemu Eusebius Kapinga na Nyuki wa Mara ya Pili

Ndugu waombolezaji, marehemu Eusebius Kilian Kapinga alizaliwa hapa Kitura tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa kwanza wa Mzee Kilian na Mama Hildegardi, na mimi Hamphrey ninayesoma nilimfuata miaka minne baadaye, nikiwa na maneno mengi kuliko yeye, kama mnavyojua.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1982 hadi 1988 akamaliza, mimi nikaishia la tano kwa sababu zangu, akarithi kahawa ya baba, akalima ngoro, yale mashimo yetu ya kilimo cha mlimani, akafunga ndoa Kigonsera tarehe 25 Septemba 1999 na shemeji yetu Vitalia, wakajaliwa Jacqueline, Clemence na Augustino.

Mizinga aliitundika mwaka 2021 kwa kushawishiwa na mimi, niliyejitangaza bingwa wa nyuki kutoka Litembo hadi ziwani.

Juni 2023 nyuki mmoja alimuuma shingoni, akavimba midomo, akawashwa mwili mzima, akatibiwa akapona, daktari akamkataza kusogelea mizinga, Shemeji naye akamsihi, lakini mimi kilabuni nilicheka, nikamwambia Kaka, huyo wa kwanza ni chanjo, sasa umekingwa, mimi waliniuma arobaini nikaenda kula ugali, naye akaniamini, maana aliniamini tangu utoto.

Jumamosi tarehe 8 Juni 2024 tulikwenda kurina asali, akaumwa na mmoja tu, mkononi, bodaboda alipofika Kaka pumzi zilikuwa zinakata, hospitali wakapambana, saa saba mchana akafariki.

Daktari aliniandikia neno kwenye karatasi, nalisoma polepole, anafilaksisi, akanieleza kwamba zaidi ya miaka mia iliyopita wataalamu wa Ufaransa waliwachoma mbwa sumu ya mnyama wa baharini ili waizoee, waliporudia baada ya wiki kadhaa, tena kwa kiasi kidogo, mbwa wakafa kwa dakika chache, ndipo wakaunda neno hilo kwa Kigiriki, maana yake kinyume cha kinga. Kumbe hata wao walikosea kama mimi, ila wao walikosea kwa mbwa.

Shemeji Vitalia, wale arobaini hawakuwapo, nimeumwa na mmoja tu maishani, Jumamosi hiyo hiyo, nikakimbia, nikamwacha Kaka anafunika mzinga peke yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochimba kaburi, wanajumuiya, na wakulima wenzake wa kahawa.

Kaka, mizinga yote sita nimeishusha jana. Pumzika kwa amani, mimi sina haraka ya kupata amani yangu.