Dada Tena, Jino wa Kambi ya Mazimwi

Huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Machi 1974, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Baba yake, ambaye ametangulia, alikuwa mlinzi wa lango la kiwanda hicho, na mama yake, aliyeketi hapo mbele, alikuwa mkunga. Mama husimulia kwamba mtoto huyu aliingiwa na wasiwasi kabla hajajua kutembea. Alikuwa akishika ukuta, ananyanyua mguu, anautazama, kisha anaurudisha pale pale. Alitembea akiwa na miezi kumi na tisa, na hakuanguka hata siku moja.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, kisha sekondari hadi 1991. Asubuhi ya mtihani wake wa mwisho aligeuka njiani mara mbili kwenda kuhakikisha kama amefunga mlango, akaingia chumba cha mtihani amechelewa dakika ishirini, jasho likimtiririka. Alifaulu. Mlango ulikuwa umefungwa mara zote mbili. Mwaka 1994 na 1995 alisomea uuguzi msaidizi.

Tarehe 4 Januari 1996 aliajiriwa hospitalini, katika chumba cha kutakasa vifaa vya upasuaji. Huko ndiko alikopata jina ambalo wengi wenu mnamjua kwalo. Mikasi, visu na koleo zikirudi kutoka chumba cha upasuaji, alizihesabu, halafu akasema, "Hebu tuhesabu tena." Wenzake wakamwita Tena. Mwaka 2011 sinia lilirudi na koleo ishirini na tatu badala ya ishirini na nne. Alipanda ngazi, akabisha hodi mahali ambapo mtu wa cheo chake habishi hodi. Daktari akamwambia sinia lilipangwa vibaya tangu mwanzo. Dada Tena alijibu kwa sauti iliyokuwa ikikatika, "Samahani, daktari, lakini siondoki." Koleo ilipatikana mahali ilipokuwa imesahauliwa, ndani ya mgonjwa, kabla hajaamshwa. Mwaka uliofuata alipewa usimamizi wa chumba kizima, akaukataa. Mwaka 2015 akapewa tena, akakataa tena. Alisema akiwa msimamizi atawajibika kwa hesabu za watu wengine, na za kwake tu zinamnyima raha.

Mumewe ni mchoraji wa mabango. Walikutana kwenye ukumbi wa wodi, alipokuwa akiandika neno KIMYA ukutani kwa herufi kubwa. Dada Tena alipita, akasimama, akarudi. "Samahani, umeandika KIYA." Wakafunga ndoa Jumamosi, tarehe 16 Desemba 2000, na mwaka 2003 wakajaliwa binti yao.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mdogo wake, ndiye anayewasomea, ameombwa alieleze vizuri, maana leo kuna wageni ambao baadhi ya wazee wanajiuliza wametokea wapi.

Mwaka 2016 fundi wa mashine za mvuke pale kazini alimwonyesha mchezo anaoucheza kwenye kompyuta. Watu wa miji mbalimbali wanakutana humo kila Jumamosi mchana, na kila mmoja anaigiza zimwi, lile jitu la kijani lenye meno yaliyotokeza nje. Wanaishi kambini, wanawinda, wanapigana vita, na wanazungumza kwa sauti nzito ya kizimwi. Katika Kambi ya Mazimwi hakuna anayepanda cheo kwa mkato. Unaingia ukiwa Kinda, kwa kudhaminiwa na wakubwa wawili, na Kinda hasemi mpaka asemeshwe. Ukishinda jaribio, unakuwa Mchukuzi, unabeba mizigo ya wenzako. Kisha Mkuki, anayekwenda vitani. Kisha Ngao, anayekuwa wa mwisho kurudi wengine wakikimbia. Kisha Jino, anayelea Makinda na kuwapandisha. Juu ya wote yuko Mkuu wa Kambi.

Dada Tena alikaa Mchukuzi miaka miwili. Kila alipoitwa kwenye jaribio la Mkuki alisema bado. Mdogo wake alimuuliza, "Kwani humo watu wanakufa?"

"Wanakufa, halafu wanafufuka baada ya dakika mbili."

"Sasa unaogopa nini?"

"Hizo dakika mbili."

Mumewe naye alikuwa na hofu yake. Alimsikia kupitia mlangoni akinguruma, "Nitakuvunja mbavu, kisha tutakula pamoja." Akampigia mdogo mtu simu. "Shemeji, hali si nzuri hapa. Dada yako ana miadi ya kuvunja watu mbavu." Ilibidi fundi wa mashine aje na kompyuta yake, amkalishe chini, amweleze kila kitu. Alielewa nusu. Lakini aliona kwamba mkewe akitoka kwenye Kambi hiyo anakula vizuri na hakagui mlango.

Mwaka 2018 akawa Mkuki, mwaka 2020 Ngao. Mwaka 2022 mwanamke aliyekataa usimamizi mara mbili alikubali kuwa Jino, akakabidhiwa Makinda watatu. Alipoulizwa kwa nini huku amekubali, alisema kule kazini walimpa cheo kwa sababu hajawahi kukosea, na huku wamempa baada ya kumwona akikosea.

Agosti 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Ikabidi asafishwe damu Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kuanzia saa tano hadi saa tisa. Jumamosi hiyo ndiyo iliyomkosesha amani. Sheria ya Kambi inasema Jino akikosa mikutano minne mfululizo anashushwa hadi Mkuki, na Makinda wake wanaanza upya, kana kwamba hawajafundishwa. Hakuwaambia kwamba anaumwa. Aliogopa wakijua watamhurumia, na aliogopa wasipojua watamshusha. Jumamosi ya kwanza akakosa, ya pili akakosa, ya tatu akakosa. Kitandani, sindano ikiwa mkononi, alikuwa akihesabu siku kwa vidole vya mkono mwingine.

Jumamosi ya nne mumewe alimwacha hospitalini na binti yao, akarudi nyumbani na shemeji yake, akawasha kompyuta. "Sauti yake naijua," alisema, "nitakaa kimya, ningurume kidogo, hatapoteza cheo." Mdogo mtu alimwambia sheria inakataza mtu kuazima mwili wa zimwi la mwenzake. Lakini mchoraji alikuwa ameshaingia. Zimwi la mkewe lilisimama darajani bila kutikisika. Kinda mmoja akauliza, "Jino, mbona hutembei?" Mchoraji alibonyeza kitufe kimoja, zimwi likamsukuma yule Kinda mtoni, akaenda na maji.

Mchoraji akasogea kwenye kipaza sauti. Halafu akasema, kwa sauti yake mwenyewe, "Jamani, mimi si yeye. Mimi ni mume wake. Yuko hospitali, figo hazifanyi kazi. Ameogopa kuwaambia. Msimshushe yeye, kosa ni langu."

Mkuu wa Kambi, ambaye ni mama mmoja mwenye duka la vitabu, aliuliza, "Hapo alipo, ana simu?"

Ngao wote walikaa kikao siku hiyo hiyo. Hawakuibadilisha sheria, ila waliamua kwamba sheria inamtaka Jino awepo, na sauti yake ikiwepo naye yupo. Mume wake, kwa kuazima mwili, alipigwa marufuku kuingia Kambini kwa miezi sita.

Basi tangu hapo akawa anahudhuria kitandani, simu kwenye mto. Wiki ya kwanza alinong'ona, maana aliwaogopa wagonjwa wenzake. Wiki ya tatu mzee wa kitanda cha jirani alimwambia, "Mama, nguruma vizuri, tunapitwa." Tarehe 4 Mei 2024 aliwaongoza Makinda wake watatu kwenye jaribio, yeye akiwa amefumba macho, haoni chochote, anawasikiliza tu. Mmoja aliuliza, "Jino, tukishindwa?" Akajibu, "Mtarudia. Nami nitakuwepo." Alisema hivyo akijua kwamba huenda asiwepo, na baadaye jambo hilo lilimsumbua sana. Hawakushindwa. Wote watatu ni Wachukuzi, na ndio waliobeba jeneza upande wa kulia.

Itakuwa uongo kusema kwamba aliondoka bila hofu. Aliogopa. Aliuliza maswali mpaka daktari akavuta kiti akakaa, na kila aliloulizwa akalijibu. Alhamisi, tarehe 13 Juni 2024, saa nne asubuhi, moyo wake ulisimama, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Alikuwa na miaka hamsini.

Ameacha mama, mdogo wake mmoja, binti yake ambaye ni mpimaji wa maji, wafanyakazi wenzake wa chumba cha kutakasa vifaa, ambao wanasema sasa kila mmoja anahesabu kwa sauti, na mazimwi thelathini na wanane, kumi na mmoja wao wakiwa nasi hapa.

Ameacha pia mume. Jumamosi iliyopita, marufuku yake ikiwa imekwisha, aliomba kupokelewa Kambini akiwa Kinda. Anasema anaogopa atakosea vitufe. Anahitaji wadhamini wawili, na hadi asubuhi hii amempata mmoja.

Apumzike dada yetu, na amani aliyoitafuta siku zote imkute huko.