Gramafoni ya Mwalimu Enoka

Fides alikuwa amekalia gunia lake la ulezi nyuma ya lori la Tunduma, katikati ya wanaume wawili wasiojuana. Hakuwa na pa kukimbilia asiwasikie. Mmoja, Mwalimu Enoka, alikuwa amepakata gramafoni kama mtoto mgonjwa.

"Nimepewa na Mwingereza wa idara ya elimu," alisema. "Santuri itasoma, watoto watafuatisha. Haichoki wala haiugui."

"Na wewe?" aliuliza wa pili, mzee Mbonile wa Ileje.

"Mimi nazungusha mpini tu, mzee wangu."

Mteremko ulipoisha, mzee aliigeukia gramafoni. "Kwetu, kila Ijumaa watoto wanamlimia mwalimu. Hii mmeikatia shamba wapi?"

Mwalimu akacheka, peke yake. "Shamba ni langu."

"Mpini hata mjukuu wangu anaweza kuzungusha. Basi tumlimie yeye?"

Fides alijikuta anautazama mpini. Lori likasimama kijijini Mpemba. Mwalimu akashuka, akanyoosha mikono apokee mzigo.

Mzee akauteremsha polepole, kwa mikono miwili. "Kazi njema, mwalimu," akaiambia gramafoni.