Mkwaruzo Kwenye Jina la Bi Harusi

Benchi letu liko kati ya kibanda cha Kinyozi na studio ya Masikio, na mimi fundi viatu nimeketi hapo miaka mingi, kwa hiyo msiniambie sikuona. Asubuhi kahawa ilikuwa bado ya moto Kinyozi alipotoka na taulo begani, akamwambia Masikio kwamba amemharibia harusi. Binti yake anaolewa Jumamosi. Tangu binti akiwa mdogo alimwahidi kwamba ataingia ukumbini na wimbo wake mwenyewe, wenye jina lake. Basi akaandika maneno, akayapa kompyuta, kompyuta ikatoa mwanamke anayeimba, na ngoma, na vinanda. Mzuri mno, ila kila ukifika kwenye jina la binti, unasikika mkwaruzo, kama mtu anaburuza bati. Masikio akapewa kazi ya kuusafisha.

— Umesafisha nini sasa? Mkwaruzo umetoka na jina la mwanangu limetoka nalo. Anaimba "karibu", kimya, halafu "ua la baba". Ua gani hilo lisilo na jina?

Masikio aliweka kikombe chini. Mtu huyu ametoa milio ya feni, majogoo na vikohozi kwenye nyimbo za watu tangu hatujaota mvi, na hajawahi kuambiwa ameharibu.

— Sikiliza, kaka. Mtu akiimba, sauti ni yake, feni ni ya chumba. Feni naitoa, sauti inabaki. Hii mashine haijaimba chumbani. Mkwaruzo na jina vimezaliwa vimeshikana. Nikivuta kimoja, kingine kinakuja.

— Basi toa nusu.

— Nusu ya jina?

Hapo Waya, anayetengeneza redio, akaona zamu yake imefika.

— Mimi nilisema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mkuu yupi? nikamuuliza.

— Umeme. Umeme wa mtaa huu ni mchafu, umeingia na takataka zake.

Masikio akamwambia mashine yenyewe haiko mtaa huu. Waya hakutetereka. Akasema basi ni kanda za zamani: mashine ilifundishwa kuimba kwa kulishwa nyimbo za kila mtu, ikameza na vumbi lake, na haba na haba hujaza kibaba. Tulipocheka akakasirika, akaja na kubwa zaidi: mashine ina wivu. Inajua haitaolewa, ndiyo maana inamkwaruza bi harusi.

Mimi sikucheka tena. Nilikuwa na hasira, nasema wazi. Dude gani linaimba "mapenzi" na "milele" bila kusita, halafu linakabwa na jina la mtoto ambaye mtaa mzima umemlea? Nikamuuliza Kinyozi kwa nini asiimbe mwenyewe. Akanijibu kwamba siku aliyoimba, mteja alikimbia na nusu ya nywele. Alitaka tu mwanawe apate kitu kizuri, akasema, na sauti yake ikapungua.

Kisha akatoa simu, akaupiga wimbo wa mwanzo, ule wenye mkwaruzo, kwa sauti ya juu, ili tuamue wenyewe kama unafaa kuingia ukumbini. Tuliinamisha vichwa kusikiliza. Hakuna aliyemwona binti akija na mkoba wa kadi za harusi. Alisimama nyuma ya baba yake mpaka wimbo ukaisha, na alipotuamkia, macho yalikuwa yamemlowa.

— Baba, ndio wimbo wangu?

Kinyozi alianza kueleza habari za mkwaruzo, kwamba Masikio anashughulikia, kwamba bado kuna siku mbili. Binti akamshika mkono.

— Uache hivyo hivyo, baba. Nimeupenda. Lakini huyu mama, hajawahi hata kuniona, ameniimbia hivi?

Akachomoa kadi kwenye mkoba.

— Imebaki moja. Nataka aje, akae meza ya mbele na mama. Anaitwa nani?

Kinyozi alimtazama Masikio. Masikio alimtazama Waya, na Waya, mwenye jibu la kila kitu duniani, akageukia birika, akakuta kahawa imekwisha. Binti alikuwa ameshafungua kalamu.