Mzee Manasseh Ogoti: Miaka Thelathini na Mitatu, na Meza Aliyokataa Kuigusa

Imeandikwa na Mose Onyancha, fundi wa kuchomelea, kwa niaba ya wafanyakazi wote

Leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Manasseh Ogoti anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Keval hapa Kisii mjini kwa miaka thelathini na mitatu, miezi minane na siku ishirini na tano. Hizo siku ishirini na tano amezihesabu mwenyewe na akasema zisiachwe. Sherehe inaanza saa saba na lazima iishe kabla ya saa kumi, kwa sababu Msabato huyu hajawahi kukubali jua la Ijumaa limzamie akiwa mjini, na hatuwezi kumharibia rekodi siku ya mwisho. Wenye hotuba ndefu wajipunguze. Mimi nimepewa nafasi hii kwa kuwa nilipata thelathini na sita kwa arobaini katika insha ya darasa la nane, na hapa karakanani hakuna aliyewahi kuzinusa alama hizo. Bosi mwenye digrii asinune.

Mzee alizaliwa Birongo na bado anaishi Birongo, kati ya majani chai yake na migomba yake. Kabla ya kuja kwetu alikuwa fundi wa mashine za kuchekecha chai katika kiwanda kimoja upande wa Nyamira. Marehemu Keval, baba yake bosi wetu Pankaj, alimchukua mwaka 1992 amtengenezee vinu vya posho. Vinu hivyo bado vinasaga kuanzia Kenyenya hadi Nyansiongo, na kuna mama mmoja wa Nyansiongo anayesema kinu chake kimemshinda mumewe kwa uaminifu. Pankaj mwenyewe alikuwa akija hapa na kaptura ya shule kuiba sumaku. Ndiyo maana Mzee humwita "bosi" siku za kawaida, na "kijana wa Keval" siku akikasirika.

Vinu hivyo vilimla sikio la kushoto. Halisikii kitu. Tatizo ni kwamba Mzee amegeuza hasara hiyo kuwa mali. Ukija kuomba ruhusa ya kwenda matanga ya shangazi aliyekwisha kuzikwa mara mbili, anakugeuzia sikio la kushoto. Ukimuuliza jambo ambalo angependa ulifikirie mwenyewe, la kushoto. Lakini nati ikianguka sakafuni upande wa pili wa karakana, anaisikia, anaiokota, anaitia mfukoni. Miwani yake ameifunga kwa waya wa kuchomelea tangu mimi nikiwa darasa la tatu. Nimejitolea mara nne kuichomelea vizuri, na mara nne amenigeuzia sikio lile.

Mwaka 2011 wachimbaji wa dhahabu wa kule chini ya Kenyenya, kuelekea Transmara, walianza kuja kwetu. Kwa wageni ambao hawajui tunachotengeneza, nawaeleza mara moja, tusiulizane tena. Meza yetu ni ubao mpana uliofunikwa kwa mpira, wenye mbavu nyembamba, umeinama kidogo upande mmoja. Mawe yenye dhahabu yanasagwa mpaka yawe unga, unga unachanganywa na maji na kumiminwa juu ya meza, na mota inaitikisa. Mchanga ni mwepesi, kwa hiyo unaruka mbavu na kuoshwa chini. Dhahabu ni nzito, kwa hiyo inajificha nyuma ya mbavu na kutembea hadi mwisho wa meza, inajipanga mstari mwembamba wa manjano. Ukiuona mstari huo mara ya kwanza unasahau hata jina la mama yako. Kabla ya hapo wateja wetu walikuwa wakikamata dhahabu kwa zebaki, wanaikanda kwa mikono mitupu kama unga wa chapati. Baadhi yao leo hawawezi kushika kikombe cha chai bila kukimwaga.

Meza ya kwanza ya Mzee ilikuwa aibu, na mwenyewe anakiri. Aliifanya itikisike kama chekecheke ya chai, kwenda na kurudi kwa nguvu moja. Mchanga ukacheza, dhahabu ikacheza, hakuna aliyeondoka mahali pake. Ilikuwa disko. Akaenda nyumbani amenuna, akakaa uani, akamtazama mkewe, Mama Nyamoita, akipepeta wimbi. Akatazama Jumapili nzima. Mama Nyamoita akashuku.

"Wewe! Miaka ishirini ya ndoa, ndiyo leo unaniona nikipepeta?"

"Nyamaza kidogo, nahesabu," akajibu Mzee.

Alichokuwa akihesabu ni mkono wa mama. Mkono unausukuma ungo polepole, halafu unauvuta nyuma kwa ghafla, na punje zinasonga mbele bila kusukumwa. Jumatatu Mzee akakata mkono mpya wa meza, unaosukuma taratibu na kurudi kwa kishindo. Dhahabu ikatembea. Tangu siku hiyo ametengeneza meza sitini na moja, na Mama Nyamoita hajawahi kulipwa hata kipande cha sabuni. Leo yuko hapa, bosi. Amekaa safu ya mbele.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kila mtu anangoja nilikwepe. Sitalikwepa.

Mwezi wa saba Pankaj alituita akasema maneno mazito. Alisema meza zetu ni mkono wa mtu mmoja, na mtu huyo anaondoka. Mzee ndiye anayejua kabari ya chini ya meza ikae wapi, maji yawe mengi au kidogo, meza iinamishwe kiasi gani. Akienda, meza zinakwenda naye. Kwa hiyo alikuwa akifikiria kufunga sehemu yetu na kuuza meza zinazotoka ng'ambo, zimefungwa kwenye sanduku na kitabu cha maelezo. Sisi wa meza tuko tisa. Wawili wangebaki, wa kufungua masanduku.

Mzee hakupiga kelele. Alisema, "Kijana wa Keval, zishindanishe." Kisha akaongeza jambo lililotutoa jasho. Yeye hatagusa. Atakayesimama mezani ni Mokeira. Mokeira ni fundi wetu wa kike kutoka Kenyenya, yuko hapa mwaka wa sita, ana akili nyingi na ulimi mkali, na hadi siku hiyo hakuwahi kupanga kabari moja bila kumuuliza Mzee kama ni sawa.

Tarehe 14 Agosti wateja wakaja. Kiongozi wao alikuwa Bibi Nyakerario, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaosaga mawe, mwanamke anayeweza kukutazama mpaka ukakumbuka dhambi zako. Walileta magunia mawili ya unga kutoka rundo moja, yakachanganywa juu ya turubai mbele ya wote na kugawanywa sawa. Gunia moja kwa meza ya ng'ambo aliyoiagiza Pankaj kwa majaribio, moja kwa yetu.

Asubuhi hiyo mimi, kwa kuwa napenda usafi na najua namna ya kupokea wageni, niliona meza yetu imefifia kando ya ile nyingine. Mama yangu ana ng'ombe wawili kwetu Nyansiongo, nami hutembea na mkebe mdogo wa mafuta ya kukamulia kwa ajili ya mikono yangu, maana kazi hii inapasua ngozi. Nikaipaka meza yote. Iling'aa kama uso wa mtoto anayepelekwa kanisani. Nilijisifu kimoyomoyo, halafu nikajisifu kwa sauti.

Mota zikawashwa. Kwenye meza ya ng'ambo, baada ya dakika kumi, mstari wa manjano ukajitokeza, mwembamba kama uzi. Kwetu hakuna kitu. Maji yalikuwa yakikimbia vidonge vidonge kama umande juu ya jani la nduma, na vumbi la dhahabu lilikuwa likielea juu yake na kuondoka na mchanga, linatuaga. Akina mama wakaanza kunong'onezana. Pankaj akaanza kusafisha miwani yake ambayo haikuwa na uchafu.

Mokeira akamgeukia Mzee, ambaye humwita Tata, yaani baba. "Tata, niinamishe zaidi?"

Mzee alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono mfukoni. Akamgeuzia sikio la kushoto.

Mokeira akasogeza kabari. Ikawa mbaya zaidi. Akapunguza maji. Mbaya zaidi.

"Tata! Nakuuliza!"

Sikio lile lile. Bibi Nyakerario akauliza kwa sauti kama mzee huyu ni mgonjwa. Mimi mwenyewe nilitaka kumshika Mzee mabega nimtikise kama meza. Kazi za watu saba zilikuwa zikisombwa na maji, na yeye amekaa kama anayesubiri kinyozi.

Hapo Mokeira akazima mota. Akaacha kabari, akaacha maji, akapitisha kidole juu ya mpira. Akakisugua. Akakinusa. Akainua kichwa pole pole na kututazama mmoja mmoja.

"Nani amekamua ng'ombe hapa?"

Nikatazama paa. Lina matundu saba. Bibi Nyakerario ndiye aliyeonyesha kwa kidole mfuko wa ovaroli yangu, ambako mkebe ulikuwa umetuna kama jipu.

Mokeira hakupoteza hata dakika moja kunitukana, hilo alilihifadhi kwa ajili ya kesho yake. Alinyakua birika la maji moto yaliyotengwa kwa chai ya wageni, akamwaga sabuni ya unga, akaisugua meza hadi maji yakalala juu ya mpira badala ya kukimbia. Na kwa kuwa ni sheria ya Mzee kwamba mchanga uliopita mezani hautupwi kabla mteja hajafika nyumbani kwake, mchanga wote ulikuwa ndani ya pipa, na dhahabu yetu ndani yake. Akaurudisha wote mezani, akatia sabuni kidogo kwenye maji, akawasha. Tukangoja. Nimewahi kungoja matokeo ya mtihani; yale yalikuwa mzaha.

Mstari ukaja. Mama mmoja akapiga kigelegele kabla hata sisi hatujaamini.

Mizani ikasema meza ya ng'ambo imetoa gramu moja nukta mbili, yetu gramu moja nukta moja. Tulishindwa, tusidanganyane. Pankaj akafungua mdomo, lakini Bibi Nyakerario akawahi.

"Hii ya sanduku ikinikosea kule chini, nitamwita nani? Kitabu? Huyu msichana amekosewa mbele yangu, ametafuta, amepata, ametengeneza. Nataka mbili kama hii. Na yeye mwenyewe aje kuzipanga." Kisha akanitazama. "Huyu wa mafuta abaki."

Pankaj akautazama mstari wa manjano. Akasema sehemu ya meza haifungwi. Halafu akakumbuka kuwa yeye ni bosi, akataka jina la aliyepaka, liandikwe. Kila mtu alikuwa analijua. Mzee akainuka kwenye ndoo akasema, "Meza imeshaoshwa, kijana wa Keval. Jina la nini?" Jina halikuandikwa. Leo naliandika mwenyewe, hapo juu chini ya kichwa cha habari hii.

Baada ya wageni kuondoka Mokeira alimwendea amefura. Alimuuliza aliijua shida tangu lini. "Tangu maji ya kwanza," Mzee akasema. Mokeira alikaribia kulia. "Na ukanyamaza! Ungesema tu, Tata!"

"Ningesema, ungeendelea kuniuliza hadi kaburini. Na mimi nataka kulala."

Kisha akatoa mkono wa kulia mfukoni, na tukaona. Alikuwa ameifumbata moja ya zile nati zake za kuokota. Aliibana wakati wote ule mota zilipokuwa zikivuma, na pembe zake sita zilikuwa zimechimba kiganja, moja imetoa damu. Hata mimi nilinyamaza, na waliopo leo ni mashahidi kwamba ni mara ya pili tu katika maisha yangu. Kwangu Mzee alisema maneno machache: "Mwanangu, meza si uso. Haipakwi."

Tangu siku hiyo Mokeira amepanga meza nne. Hajamuuliza Mzee hata mara moja. Nilidhani Mzee angefurahi, lakini wiki iliyopita nilimkuta akizunguka meza ya nne kama kuku asiye na pa kutagia, akinyoosha mkono kuelekea kwenye kabari na kuurudisha. Hakuigusa. Ilikuwa sawasawa.

Kwa niaba ya wote, Mzee Manasseh, tunakushukuru kwa vinu, kwa meza, kwa kelele ulizotupigia na kwa zile ulizozimeza. Tunamshukuru Mama Nyamoita kwa ungo wake. Mungu akupe miaka mingi Birongo, majani chai yasipigwe na mvua ya mawe, ndizi ziive kwa zamu, na Sabato zako ziwe ndefu. Mbuya mono, omogaka; asante sana, mzee wetu. Ukipita mjini, mlango ni wako: ingia, keti, unywe chai, utuone tukikosea. Tutakuuliza maswali mengi, kwa mapenzi tu. Tugeuzie sikio la kushoto.