Hatua Nne Kutoka Mstarini: Tunamuaga Orrin Tveit

Jumamosi tarehe 22 Novemba, saa kumi na dakika kumi jioni, mwenzetu Orrin Tveit alivua filimbi shingoni, akaitia mfukoni, na kazi ikaishia hapo. Alikuwa amesimama kando ya viwanja vya vyuo vya mpira wa Kimarekani kwa misimu thelathini na moja, katika mvua, katika theluji, na katika siku chache za jua ambazo alizilalamikia kuliko theluji.

Siku za wiki Orrin ni mkaguzi wa mizani za nafaka. Anafika ghalani, anapanga mawe yake ya chuma juu ya mizani ya malori, anaandika namba, anabandika karatasi ya kijani, anakunywa kahawa, anaondoka. Jumamosi za vuli alikuwa akivaa shati la mistari myeusi na myeupe na kuwa mwamuzi wa mstari, yule anayesimama ukingoni na kusema mwenye mpira ameangukia wapi, na kama amevuka au hakuvuka. Mwenyewe anasema ni kazi ileile, ila mahindi hayatukani.

Msimu wake wa kwanza alimtupia kitambaa cha njano, kile cha adhabu, mpiga tarumbeta wa bendi aliyeingia uwanjani kabla ya mapumziko. Hakuna kanuni inayoruhusu jambo hilo. Orrin akasema hakuna inayolikataza pia, na mwamuzi mkuu wa siku hizo akakiokota kitambaa kimyakimya kama mtu aliyeangusha leso. Tangu hapo alichezesha fainali tatu za ligi yetu ya Mito Mitatu na kufundisha waamuzi wapya kumi na tisa. Somo lake la kwanza lilikuwa kuwapeleka kwenye uwanja mtupu asubuhi, umande haujakauka, wafumbe macho na kusikiliza. Wasikilize nini, hakuwaambia. Wawili waliacha siku hiyohiyo. Waliobaki ndio wazuri tulionao.

Tena alikuwa mwota ndoto. Tukilala hoteli moja kabla ya mchezo, kifungua kinywa chote kilikuwa cha ndoto za Orrin: uwanja usio na mistari, wachezaji wakikimbia ndani ya shayiri iliyowafika kifuani, mpira ukipanda angani na kukawia huko kama unafikiria. Mkewe, Darla, ametuthibitishia kwamba nyumbani mambo yalikuwa hayohayo. "Juzi usingizini ameupa mto wa kitanda adhabu ya yadi kumi," alituambia. "Nikamuuliza mto umefanya nini. Akasema umemshika mchezaji."

Labda ndiyo maana ukungu ulipokuja, yeye peke yake hakushtuka.

Ilikuwa tarehe 11 Oktoba. Chuo cha Pell kilikuwa mgeni wa Chuo cha Calder, kule chini mtoni. Robo ya mwisho ilipoanza, ukungu ulipanda kutoka majini bila haraka, kama mtu anayetafuta kiti chake. Ukachukua jukwaa la mashariki, kisha bendi, kisha ubao wa matokeo. Moshi wa soseji zilizokuwa zikichomwa kwenye maegesho ukaja kukaa nasi katikati ya uwanja. Watazamaji wakabaki kuwa sauti tu na kengele za ng'ombe walizokuwa wakizitikisa. Wachezaji walitokea kwenye weupe mmojammoja, wakubwa na wapole, kama watu unaowakumbuka nusunusu, halafu wakafutika tena. Mtangazaji wa uwanja, mtu mwenye heshima zake, akasema kwenye kipaza sauti: "Mabibi na mabwana, nadhani kuna jambo limetokea."

Mwamuzi mkuu wetu, Lyle Pruitt, aliwauliza makocha kama tusimamishe. Calder ilikuwa mbele ishirini na saba kwa kumi, zimebaki dakika nne. Wote wawili wakasema tumalize, watu waende nyumbani.

Sasa Pell hupeana mipango ya mchezo kwa mabango. Msaidizi wa kocha akiwa juu kwenye kibanda anachagua mpango, wenzake chini wananyanyua bango lenye picha, na vijana uwanjani wanajua la kufanya. Siku hiyo yule wa juu alikuwa anachagua kwa kusikiliza kelele, na wa chini wananyanyua picha ambazo hakuna aliyeziona.

"Ni jogoo au ni kikaango?" aliuliza kijana mrusha mpira.

"Jogoo," ikajibu sauti kutoka ukunguni.

"Mimi naona kikaango."

"Huoni kitu, wewe. Jogoo."

Akacheza kikaango. Zilikuwa sekunde za mwisho kabisa. Badala ya kurushwa, mpira ukaenda kwa mkimbiaji wao, Tyree Gaskins, naye akaja upande wa Orrin, akaruka, akaingia kwenye weupe. Orrin alisikia kofia zikigongana. Alipofika alimkuta Tyree amelala kifudifudi juu ya mpira, chokaa ya mstari wa goli iko chini ya tumbo lake. Kama alifika pale kwa kuruka, au kwa kutambaa baada ya kuwa ameshaanguka, jambo lisilohesabiwa, hilo ukungu uliondoka nalo.

"Nimefika, mzee?" akauliza Tyree.

"Nilitaka kukuuliza wewe, kijana."

Kitabu chetu kinamtaka mwamuzi atoe uamuzi kwa alichokiona. Orrin akauweka mpira pale alipomwona Tyree mara ya mwisho akiwa amesimama, hatua moja kabla ya mstari, na akasema wazi kwamba kuanguka kwenyewe hakukuona. Muda ukaisha. Pell haikupata alama zake sita.

Kwa matokeo ya mchezo hilo halikuwa neno. Lakini wenye kampuni za kubeti walikuwa wamesema Calder itashinda kwa tofauti ya pointi kumi na tatu na nusu. Nusu pointi haijawahi kuonekana uwanjani tangu mchezo huu uanze, ila ndiyo inayowalipa watu. Alama za Tyree zingeshusha tofauti hadi kumi na moja, na kila aliyeiwekea Pell angekula. Bila hizo ilibaki kumi na saba, na mikeka ya bonde zima ikachanika kwa pamoja.

Kocha wa Pell, Gus Brandvold, akasema redioni jioni ile: "Mtu yuko hatua nne, anasema hakuona. Basi atuambie alikuwa anamtazamia nani."

Kufikia Jumatatu Orrin alikuwa amesimamishwa na uchunguzi umefunguliwa. Filimbi ilikuwa nusu tu ya tatizo. Mwamuzi aliyeuza uamuzi wake hawezi kuachiwa mizani za watu, kwa hiyo kibali chake cha ukaguzi nacho kilikuwa mezani. Wiki hiyo mkulima mmoja aliyemjua tangu shule alipima mahindi yake, akayashusha, akayapima tena, Orrin akiwa amesimama pale na karatasi yake ya kijani mkononi.

Lyle alimfuata mgahawani. "Sema ulimwona hajafika," akamwambia. "Kamera zote zina maziwa matupu, nani atakupinga? Sentensi moja, Orrin, unamaliza msimu wako."

"Ningemwona ningesema."

"Lakini uamuzi ni uleule, bwana."

"Uamuzi ndiyo. Mimi siyo yuleyule."

Lyle akalipia pai zote mbili, jambo ambalo halijajirudia.

Kikao kilikaa katika ofisi za ligi. Watu wanne wenye suti walitazama kwa makini dakika kumi na moja za weupe, na mara mbili waliomba irudishwe nyuma. Kisha wakili wa ligi, Bi Renata Schaaf, akaanza kumhoji.

"Bwana Tveit, ulikuwa hatua nne."

"Nne, ndiyo. Ukungu ulikuwa hatua tatu."

"Unaelewa kwamba ungesema tu ulimwona hajafika, huenda tusingekuwa hapa?"

"Nimeambiwa. Pai zikalipwa kabisa."

Lyle akatazama viatu vyake.

Kisha wakampigia simu Tyree Gaskins, simu ikawekwa katikati ya meza wote wasikie. Kijana alikuwa na kila sababu ya kusema alifika. Alama zile zingeandikwa jina lake. "Mama, mimi mwenyewe sijui," akasema. "Nilikuwa chini, kila kitu cheupe. Yule mzee ndiye mtu pekee siku ile aliyeniambia kitu nilichokuwa nakijua: kwamba hakuna anayejua." Taarifa za kampuni za kubeti zikaletwa pia. Namba za kubeti za mchezo ule hazikuwa zimetikisika hata kidogo wiki nzima, na Orrin wala ndugu zake hawakuwa na mkeka popote. Wakamsafisha kwa barua ya mistari mitano, kibali chake cha mizani kikabaki chake, na akarudishiwa mchezo mmoja, wa mwisho.

Mchezo wenyewe ulikuwa nyumbani kwa Pell. Anga ilikuwa safi, ya buluu, baridi ya kuuma masikio. Zikiwa zimebaki sekunde ishirini, Pell wakiwa nyuma kwa pointi tatu, jaribio lao la mwisho, mkimbiaji wao mwingine alijitupa kwenye mstari wa goli mbele ya Orrin, rundo zima la watu likamwangukia. Orrin akakimbia, akaweka mguu wake chini kuonyesha mahali. Hajafika. Upana wa kiganja.

Uwanja mzima ukaanza kuzomea. Kocha Brandvold alitoka pembeni kwa miguu mirefu, waya wa vipokea sauti ukiburutika nyuma yake, sisi wote tukijiandaa kusikia habari za mama zetu. Akasimama mbele ya Orrin.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

 Brandvold akawageukia vijana wake, waliokuwa wamekwisha kuinua mikono kulalamika. "Hajafika," akawaambia. "Rudini."

Orrin, kwa misimu yote tulisimama karibu nawe tukijifunza kutazama. Ahsante. Jumamosi zako sasa ziwe ndefu na za polepole, Darla apate usingizi usio na filimbi, na afya ikukalie vizuri, mzee wetu, popote mtakapokuwa.