Bi Kolona Alikuwa Mama Yangu

Nawasalimu kwa jina la Bwana aliye hai, ndugu zangu wa Pongwe. Wazazi wangu mlioketi mbele, shikamooni. Mchungaji ameniomba niseme kwa ufupi. Nitajitahidi, ingawa miaka ishirini ya kusema mbele za watu imenizoeza vibaya.

Mnanijua. Wachache mnanijua kama Tumaini, mtoto wa Yudita, niliyekulia kambi ya mkonge. Wengi zaidi mnanijua kwa jina la Bi Kolona. Nimekuja kuwaeleza Bi Kolona alitoka wapi, na Mungu alimtoaje ndani yangu. Sikuja kuwafurahisha.

Mama yangu aliletwa Tanga akiwa mdogo na wazazi wake, Wabena waliofuata kazi ya mkonge. Alipokua akaajiriwa kiwandani, kwenye ile mashine ya kukamua majani ya mkonge ambayo watu wanaiita korona. Yeye, kwa ulimi wa kwao, aliiita kolona. Kazi yake ilikuwa kupanga majani yaingie sawasawa. Nikiwa na miaka sita mashine ikamshika mkono wa kulia, ikaondoka na vidole vitatu. Alikaa hospitali, akapona, akarudi kazini, wakamhamishia uwanjani kuanika nyuzi. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alisema Mungu amemwachia viwili, na viwili vinatosha kushika mwiko.

Mkono ule hakuuficha. Alisalimia nao. Alipiga nao makofi kwaya ilipoimba. Aliyeuonea haya ni mimi. Nilipofaulu kwenda sekondari ya mjini, kila akinisindikiza nilitembea upande wake wa kushoto, nisiuone.

Watoto wa mjini walizungumza Kiswahili laini, chenye madoido. Mimi nilitoka kambini na matamshi ya mama yangu mdomoni. Walinicheka muhula mzima. Siku moja mwalimu alikuwa hajafika, nikasimama mbele ya darasa, nikakunja vidole vitatu, nikamwigiza mama yangu akinigombeza. Walicheka mpaka wengine wakalala juu ya madawati. Tangu siku hiyo hakuna aliyenicheka tena. Walikuwa wakinizunguka wakati wa mapumziko na kuniomba nirudie.

Ndugu zangu, shetani hakunijia na mapembe. Alinijia na watu walionipenda kwa mara ya kwanza.

Ndivyo alivyozaliwa Bi Kolona. Nilimpeleka kwenye kikundi cha maigizo, kikundi kikampeleka redioni, na simu za kisasa zilipokuja, video zake zikafika mpaka Moa mpakani na kuvuka. Bi Kolona ni mwanamke wa kambini, hajui kusoma, haelewi kitu, anashika kikombe kwa vidole viwili kama bibi wa kifalme. Mnamkumbuka. Wapo humu waliokuwa naye kwenye simu zao, na mama yangu akipita mlikuwa mnaizima sauti. Nalijua hilo. Siwalaumu zaidi ya ninavyojilaumu.

Baadaye gazeti moja likanipa safu ya utamaduni. Hapo ndipo nilipokuwa mbaya kweli. Niliandika juu ya ngoma, arusi, maigizo, mashairi, kwaya. Niliandika kwamba kwaya fulani inaimba kama watu wanaotoa maelezo polisi, na ile kwaya ikavunjika. Mshairi mmoja mzee nilimwandika kwamba anawaimba wakulima ambao hajawahi kuwatazama hata usoni. Alinipigia simu akilia. Nilimsimulia mhariri, tukacheka. Watu waliniogopa, na mimi nikadhani kuogopwa ni kuheshimiwa.

Mama hakujua lolote. Simu yake ilikuwa ya kitochi, isiyo na video, na redio hakuwa nayo. Nilimwambia nafanya kazi ya redio na magazeti, naye akawa akiwaambia wenzake, "Mwanangu anasoma habari."

Halafu ikaja ile Jumamosi. Umoja wa wanawake wa usharika huu mlikodi basi mkaja mjini kuona onyesho langu la alasiri, mkamleta mama ili kunishtukiza. Walioazimia jambo hilo, baadhi yao walijua kilichomo ndani ya onyesho na baadhi hawakujua. Nimeacha kuuliza nani alijua.

Niliingia jukwaani nikiwa nimevaa kitenge, vidole vimekunjwa, kikombe mkononi. Ukumbi ukaanza kucheka kabla sijasema neno. Ndipo nikamwona. Safu ya tatu, kitambaa cheupe kichwani, ametabasamu, anatafuta mwanawe yuko wapi. Hakuwa amenitambua. Kisha nikafungua kinywa, nikasema neno la kwanza kwa sauti yake, akanitambua. Akajitambua pia.

Ndugu zangu, ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema naumwa, nikatoka. Sikutoka. Niliendelea saa nzima na dakika zake, na kwa kuwa nilikuwa na hofu nilicheza vizuri kuliko siku zote. Yeye aliuingiza mkono ndani ya khanga na hakuutoa tena.

Mlipomaliza kupiga makofi nilimfuata kwenye basi. Akaniambia kwa upole, "Umefanya kazi nzuri. Watu wamefurahi." Nikamuuliza kama amekasirika. Akasema, "Basi linaondoka."

Wiki ile ile niliandika makala nikijitetea. Nilisema kichekesho hakina mama wala baba, kwamba msanii ana haki ya kuchukua chochote alichokiona. Ilikuwa makala nzuri. Nilialikwa kuisoma mbele ya wasomi, wakanipigia makofi, mmoja akasema nina ujasiri. Nilirudi nyumbani na shada la maua. Nyumbani kwangu, siyo kwa mama. Kwa mama sikukanyaga miaka miwili. Nilimtumia fedha na salamu, basi.

Aliyenirudisha ni jirani yake, Bi Zaina, mama wa Kidigo aliyeishi naye ukuta kwa ukuta tangu kambi ilipofungwa. Alinipigia asubuhi.

"Shikamoo, Bi Zaina."

"Marahaba. Njoo umwone mamako. Ni mgonjwa, na hataki watu."

"Hataki watu vipi?"

"Nikimpelekea uji hanywi mpaka nitoke. Hampi mtu mkono. Mimi nimemjua miaka thelathini, leo ananificha kiganja chake kama mwizi."

"Tangu lini, Bi Zaina?"

"Wewe wajua tangu lini," akasema, akakata simu.

Nilipofika nilimkuta amekwisha. Figo, walisema madaktari. Na hapa usharikani nikaambiwa jambo jingine: kwamba Yudita amepoa kiroho, miaka miwili hajaja mezani pa Bwana. Nilielewa mara moja. Kuipokea ile meza unapiga magoti na kunyoosha mikono mbele ya watu wote. Hakuwa amepoa. Mlimwandika kwenye orodha ya waliopoa, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kumuuliza. Nasema hivi kwa uchungu, wazee wangu, mnisamehe, lakini ushuhuda wa nusu si ushuhuda.

Siku ya pili nilichemsha maji nikamwogesha. Nilipofika mkono wa kulia akauvuta. Maneno yake nitayasema kwa Kiswahili changu. Matamshi yake nimeshayaigiza vya kutosha.

"Huo uache," akasema.

"Mama, nao unahitaji maji."

"Huo si wangu tena. Uliuchukua ukaenda nao mjini. Mimi nimebaki nao kama wa kuazima."

Mimi niliyekuwa na jibu la kila mtu, nikaendelea kusuuza kitambaa kilichokwisha kusuuzika. Mama akasema, "Nichezee huyo Bi Kolona."

"Siwezi, mama."

"Uliwachezea watu ukumbi mzima. Mimi ni mmoja, tena naumwa."

Nilidhani ananiadhibu, nikaona bora adhabu. Nikainuka pale pale kando ya kitanda, nikachukua kikombe chake cha bati, nikakunja vidole, nikaanza. Mama hakucheka wala hakulia. Alinitazama kama fundi anavyotazama kazi ya mwanafunzi. Kisha akasema, "Umekosea."

"Nimekosea wapi?"

"Vidole. Wewe umeacha gumba na cha shahada. Angalia."

Akautoa mkono chini ya shuka, akauweka juu ya kifua chake. Lilikuwapo gumba, na kile kidole kidogo cha mwisho. Vitatu vya katikati ndivyo vilivyokwenda. Kidole cha shahada hakikuwapo kabisa. Miaka yote ile nilikuwa nimewaonyesha watu mkono ambao mama yangu hakuwa nao.

"Hukuwahi kunitazama, Tumaini," akasema. "Ulinicheka bila kunitazama."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipovunjika. Nilimkumbuka yule mshairi mzee. Nilikuwa nimemhukumu mbele ya nchi kwa kosa hilo hilo, na mimi nikilitenda kwa mama aliyenizaa. Kikombe kilinitoka. Nilikaa sakafuni kwenye maji ya kuogea, nikalia kama mtoto aliyepigwa, na mama hakuninyamazisha. Aliniacha nilie mpaka nikaishiwa.

Sikuona nuru wala sikusikia sauti. Kilichonijia ni habari ya wale askari na Bwana wetu. Walimvika joho, wakamsokotea taji la miiba, wakampa mwanzi ashike kama fimbo ya enzi, wakapiga magoti wakimwamkia mfalme. Nilikuwa nimeisikia kila Pasaka na sijawahi kuielewa. Ndugu zangu, lile lilikuwa igizo. Walikuwa na mavazi, walikuwa na watazamaji, na walicheza vizuri. Na yeye aliyekuwa akichezewa, akiwa msalabani, aliwaombea. Nikasema pale sakafuni, "Bwana, mimi ni mmoja wa wale askari. Kama uliwaombea wao, niombee na mimi." Basi. Ndiyo sala niliyookolewa nayo. Kitu kilichokuwa kikinisukuma tangu sekondari, ile njaa ya kuchekewa, kiliniachia pale pale kama mkono unavyoachia kamba, na mpaka leo hakijarudi.

Nikamwomba mama msamaha.

"Mungu amekusamehe leo," akasema. "Mimi nitachelewa kidogo."

Aliishi miezi minne baada ya hapo. Nilimwogesha kila siku. Wiki ya tatu akanipa mkono ule mwenyewe, nikauosha kidole kwa kidole, na kila kovu nikalijua. Mchungaji alipomletea Meza ya Bwana nyumbani, mama alinyoosha mikono yote miwili mbele ya Bi Zaina, mbele yangu, mbele ya wazee waliokuja naye. Hilo nililiona kwa macho yangu na namshukuru Mungu kwa hilo.

Lakini lile neno nililolingoja hakulisema. Alifariki hajalisema. Labda alikuwa amelifikia, labda alikuwa bado njiani. Sitalijua mpaka tuonane. Wanaosimama hapa huwa wanasema Bwana aliwarudishia vyote. Mimi hakunirudishia vyote, na sitasema uongo ili ushuhuda wangu upendeze.

Niliandika makala ya mwisho, nikakiri kila kitu. Mhariri alisema nimejimaliza. Wasomaji waliandika kwamba dini imenila akili. Kikundi changu kikampa msichana mwingine mwenye kipaji nafasi ya Bi Kolona, na sasa ni yeye anayekunja vidole jukwaani. Hajawahi kumwona mama yangu. Nimemwendea mara mbili nikamsihi amwache. Akaniambia, "Dada, wewe ndiye uliyenifundisha." Ni kweli. Nilichopanda kinaota bila mimi, na wokovu wangu haujaking'oa. Zile video mngali nazo. Naomba mzifute, ingawa najua si nyote mtakaozifuta.

Sasa nafundisha Kiswahili shule moja huku huku, na jioni naandika maisha ya wanawake wa kambini, yale wanayonieleza wenyewe, wakiwa hai na wakisikiliza ninapowasomea. Wakisema hapa si hivyo, nafuta. Ni kazi ya polepole, hainipi jina, na moyo wangu una amani ambayo sikuipata hata ukumbi ulipojaa.

Ndugu zangu, namshukuru Yesu, aliyedhihakiwa na hakumchoka aliyemdhihaki. Hakuniahidi kwamba niliowaumiza watapona haraka, wala kwamba watanisamehe. Aliahidi hatanitupa, na hajanitupa. Mwaminini. Na kama yupo mtu nyumbani kwako uliyemfanya kichekesho, mama, mke, mfanyakazi wako, ndugu yako mwenye kigugumizi, usingoje augue ndipo umwendee. Toka sasa hivi, katikati ya ibada, mchungaji hatakukataza. Na kama amekwisha kutangulia kama wangu, njoo hapa mbele. Mimi napiga magoti kwanza.