Sista Hatoki Peke Yake

Yezu asifiwe, ndugu zangu! Mwenye kusikia baridi aitike polepole, Mungu anasikia tu.

Miye si muntu wa maneno mingi, nilisoma primeri tu. Nikikosea, Sista Domina huyu hapa atanirudisha. Kwetu ni Kingi, tunalima maharagi na mihogo. Kwao Domina ni Bihambwe, watu wa ngombe na maziwa. Katika nyumba yetu ya masista iko sheria: sista hatoki peke yake. Kwa wagonjwa, kwa mutoni, popote, wawili wawili. Na Mama Mukubwa wetu, mukubwa wa masista, njo anachagua nani atatembea na nani. Miye alinipa Domina.

Ndugu zangu, sikufurahi. Domina anatembea mbio, miguu ya kufuata ngombe. Yeye naye alisema ninasimama kwa kila shamba kusalimia watu. Ilikuwa kweli. Tulipeleka dawa, tukaosha vidonda, tukarudi bila maneno mingi.

Kisha vita ya udongo ikafika, ya kugombania mashamba na malisho. Wakulima na wafugaji, wote walizika watu wao; siwezi kusema upande mumoja tu. Asubuhi moja tulikuwa kwa baraza tunachambua maharagi, wanaume wenye mapanga wakajaa kwa mulango wa lupango, kiwanja cha nyumba yetu. Mbele yao nikaona kaka yangu Bauma, mutoto wa mama yangu. Niseme haki: alikuja kuniokoa. Nyumba yake ilikuwa imechomwa.

"Dada, toka! Twende kwetu. Hawa wa ngombe wabaki, tutajuana nao."

Sote tulielewa. Domina alikuwa na maharagi mukononi, hakuyaweka chini.

Ilikuwa imani ao mazoea tu? Mpaka leo sijui. Mudomo ulisema kile ulichozoea:

"Kaka, siwezi kutoka peke yangu. Nikitoka, ninatoka na mwenzangu."

"Mwenzako nani?"

"Huyu."

"Wa Bihambwe? Dada, uko na akili kweli?"

Mama Mukubwa akasimama. "Papa Bauma, wote niliwapanga hivyo, mutoto wa shamba na mutoto wa ngombe. Ukichukua mumoja, utachukua wote. Na jioni utatulisha."

Mumoja akacheka kule nyuma: "Bauma, sombe ya kulisha masista wote utaitoa wapi?"

Kaka hakucheka. Aliniangalia sana. "Utakufa ju ya sheria ya kutembea?"

"Sijui, kaka. Lakini sitoki."

Akageukia wenzake. "Dada yangu iko ndani. Mwenye kutaka kuingia aanze na miye." Akaketi chini palepale, panga kwa magoti. Wakamutukana, wakanungunika, wakaenda. Bwana asifiwe! Hakuna sista hata mumoja aliyeguswa. Kwa vilima vingine watu hawakupona, na sijui kwa nini sisi.

Kaka alibaki pale kutulinda. Jua likawa kali. Domina akamimina maziwa kwa kikombe, akanivuta nguo: "Twende tumupelekee. Peke yangu siwezi kutoka."

Tukaenda wawili. Alikunywa. Hakusema asante, lakini alimaliza.

Ninamushukuru Mungu, na Mama Mukubwa, na kaka yangu pia. Na weye ndugu, mama, unayeogopa jirani yako leo: mutumainie Yezu, umuombe akupe mwenzako wa kutembea naye. Lakini umuachie Yeye kuchagua. Miye ningechagua vibaya.